Jukwaa lilelile, sarakasi nyingine

Sisi tuliozoea La Nouba, onyesho la sarakasi la kampuni ya Cirque du Soleil pale Disney Springs, Orlando, Marekani, ilituuma sana ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2017. Ilidumu tangu 1998, jamani! Wasanii wakifika kwenye trampolini, roho yangu ilikuwa juujuu: mtu anajiachia kutoka dirishani, anadunda, anarudi juu akitembea ukutani kana kwamba ni sakafu. Na wale wasichana wadogo wa Kichina wakirusha diabolo, yaani vikombe viwili vilivyounganishwa matako, na kuzidaka kwa uzi huku wanapiga sarakasi!

Mbadala wake ulipangwa kuanza 2020, korona ikaingilia, na Cirque du Soleil wenyewe wakaelemewa na madeni hadi mahakamani. Mbadala huo, Drawn to Life, ukafunguliwa Novemba 2021.

Nimeiona na binti yangu. Ni hadithi ya Julie, ambaye marehemu baba yake, mchoraji wa katuni, amemwachia kazi isiyokamilika. Nililia waziwazi. Kwa hadithi, hii mpya inaizidi ile ya zamani. Ila kwa sarakasi yenyewe bado naililia ile trampolini. Binti yangu hakubali kabisa. Ameshaanza kuuliza tutarudi lini.