Kabati namba 17

Nilikabidhiwa ofisi Jumatatu, na kufikia Alhamisi nilikuwa nimeshaharibu.

Makabidhiano yenyewe yalikwenda vizuri mno. Mama, sote tulimwita hivyo, hata wajumbe wa bodi waliomzidi umri, ndiye aliyeyaanzisha makao yale ya watu wasio na makazi na kuyaongoza kwa miaka 19. Alipoamua kupumzika aliniandalia kila kitu kwenye majalada: katiba ya shirika, mikataba ya wafadhili, taarifa za ukaguzi wa hesabu, barua ya benki ya kubadilisha watia saini. Tulikaa mezani toka asubuhi hadi saa tisa alasiri, yeye akinisogezea jalada moja baada ya jingine, mimi nikitia saini. Mwisho akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Mengine hayamo humu," akasema. "Ukikwama, niulize."

Nikaitikia vile mtu anavyoitikia akiambiwa safari njema.

Mimi nilitokea kwenye ukaguzi wa hesabu, na bodi ilinichukua kwa sababu hiyo. Wafadhili walikuwa wameanza kunung'unika kwamba taarifa zetu zina hadithi nyingi na tarakimu chache. Nami sikuja mikono mitupu, nilikuwa nimesoma. Nilijua habari za Ufini, ambako tangu 2008 serikali, miji na mashirika walikubaliana kuacha ule mtindo wa kumpandisha mtu ngazi, kwamba aanze hosteli, kisha aache pombe, kisha apewe chumba cha majaribio, halafu pengine, akijaliwa, nyumba. Wao wakaanza na nyumba yenyewe, yenye mkataba wa upangaji kwa jina la mtu, na msaada mwingine ukamfuata humo ndani. Nilijua kuwa New York jambo hilo lilikuwa limeanza kufanywa tangu 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alipoanzisha Pathways to Housing kwa ajili ya watu wenye maradhi ya akili waliokuwa wakilala barabarani. Nilijua pia Kanada walivyolipima katika miji mitano kuanzia 2009 hadi 2013, wakiwalinganisha waliopewa nyumba moja kwa moja na walioachiwa huduma zilizokuwepo, na waliopewa nyumba wakawa ndio waliodumu ndani ya nyumba zaidi.

Jumanne niliwakusanya wafanyakazi nikawaonyesha yote hayo ukutani kwa projekta. Picha ya mwisho ilikuwa kiganja kinapokea ufunguo. Naikumbuka picha ile kuliko kitu kingine chochote nilichokifanya wiki ile, na siikumbuki kwa raha.

Jumanne hiyohiyo nilikusanya funguo zote za jengo. Zilikuwa zimezagaa: wa stoo kwa mlinzi, wa jiko kwa mpishi, mwingine ukining'inia msumarini bila mwenyewe. Nikaziweka kwenye droo yangu, na daftari la kusaini kila anayeazima. Kwa mkaguzi hilo ndilo jambo la kwanza.

La pili lilikuwa makabati. Ukumbi wa kulala ulikuwa na vitanda 40, na kwenye ujia wa kuelekea bafuni palikuwa na makabati 40 ya chuma, kila moja na kufuli lake. Kanuni ilikuwa imepitishwa na bodi zamani na imebandikwa ukutani: kabati ni la anayelala, na asiyelala kwa siku 14 mfululizo analirudisha. Jumatano nikalinganisha daftari la vitanda na orodha ya makabati. Makabati 11 yalikuwa ya watu ambao hawakuwa wamelala pale kwa miezi. Na wakati huohuo kulikuwa na watu 11 wanaolala wamekumbatia mabegi yao, wengine wamejifunga kamba ya begi mkononi ili mtu akilivuta waamke. Nasema hivi ili nisionekane nilikuwa nakata kufuli za watu kwa starehe. Sababu nilikuwa nayo, na ilikuwa nzuri.

Alhamisi asubuhi tukayakata, mimi na kijana wa ofisini. Yalitoka mambo ya ajabu humo: jozi ya viatu vipya kwenye boksi lake, havijawahi kukanyaga chini. Daftari la shule lenye ukurasa mmoja tu ulioandikwa. Mwavuli usio na kitambaa. Namba 17 ilikuwa na sweta, na kopo la bati la mraba, ndani yake risiti zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Nilizipekua kidogo kwa kidole, kama mazoea: risiti za kodi ya nyumba, za zamani, zimeanza kugeuka rangi. Nikazirudisha, na kwa kuwa kifuniko cha kopo kilikuwa kimepinda na hakikubali kufunga, nikazitia hivyohivyo ndani ya mfuko mweusi pamoja na sweta. Kwenye fomu nikaandika "vitu visivyo na thamani". Mifuko minne ikawekwa nje kungoja gari la taka la alfajiri.

Mlinzi wetu wa usiku alikuwa mtu mzima, tukimwita Babu. Aliingia zamu saa moja jioni, akaiona mifuko, akaja mlangoni kwangu.

"Bosi, Mama anajua?"

"Mama amestaafu, Babu."

"Haya," akasema.

Haya ya Babu ilikuwa na maana nyingi, na nilikuwa bado sijajifunza kuzitofautisha.

Jumamosi si siku ya wakurugenzi kuwa kazini, lakini nilikuwepo, naandika taarifa yangu ya kwanza kwa bodi. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya makabati 11 yaliyorejeshwa kwa matumizi niliposikia kwenye ujia chuma kikigonga chuma, kidogokidogo, kwa subira, kama mtu anayejaribu ufunguo anaojua kwa hakika kwamba ni wake.

Nikatoka. Alikuwa mzee mwembamba, begi dogo begani, miwani imefungwa uzi. Wenzake walimwita Fundi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza saa.

"Hii kufuli si yangu," akaniambia bila kugeuka.

Nikamsalimu, nikajitambulisha, nikamweleza kanuni. Nilieleza vizuri, pole pole, na nikamwonyesha karatasi ilipobandikwa. Alinisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyosikiliza saa iliyosimama.

"Ni kweli," akasema. "Sijalala hapa miezi saba. Nina chumba sasa."

"Basi Mzee wangu, kama una chumba, kabati la nini tena?"

"Ndiyo maana. Nina chumba."

Sikuelewa, na uso wangu ulimwonyesha hivyo. Akavuta kiti cha plastiki akakaa. Chumba chenyewe anakaa na wenzake wawili, na mlango unafungwa kwa waya. Kabla ya kuja kwetu alikuwa na nyumba ya kupanga, miaka sita, akilipa kila mwezi na kupewa risiti. Siku moja akarudi kutoka kazini akakuta vitu vyake nje na mlango una kufuli jipya. Mwenye nyumba alidai hakuwa amelipa. Kilichosalimika ni risiti, kwa kuwa alikuwa na kawaida ya kuziweka kwenye kopo pamoja na vifaa vyake vya kazi. Shauri lilikuwa bado linaendelea. Kila lilipoahirishwa alikuja kwetu, akafungua namba 17, akazihesabu, akafunga, akaenda zake.

"Kule wanaweza kunitoa wakati wowote," akasema. "Hapa hamjawahi kunitoa." Kisha akaligusa lile kufuli langu kwa ncha ya kidole. "Kufuli jipya."

Nikarudi ofisini, nikafunga mlango, nikampigia Mama. Nilipomaliza kueleza alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"17 ni Fundi," akasema. "Nne ni yule dada mwenye mapacha, mna vyeti vyao vya kuzaliwa. Viatu vya 31 ni vya siku ya kwanza ya kazi, akiipata." Akaendelea hivyo mpaka akamaliza yote 11.

"Mama, haya yote mbona hukuyaandika?"

"Ningeyaandika, mkaguzi angeniuliza kwa nini navunja kanuni."

Hapo hakunionea. Lakini hata leo sikubaliani naye moja kwa moja. Shirika linalokaa kichwani mwa mtu mmoja, siku mtu huyo akiondoka, linaondoka naye. Na wale waliolala wamejifunga kamba mkononi nao walikuwa watu. Makabati zaidi yangeweza kununuliwa miaka mingi nyuma kama kungekuwa na karatasi moja inayosema kwa nini yanahitajika. Sikumwambia hivyo siku ile. Nilimwambia ahsante, nikamtuma kijana akamwamshe Babu kwake.

Babu alikuja macho mekundu, hakusema neno, akatupeleka nyuma ya jengo. Mifuko yote minne ilikuwa pale, chini ya ukingo wa paa, imefunikwa turubai. Gari la taka lilikuwa limepita Ijumaa alfajiri likakuta patupu. Alitaka kuiweka stoo, akaeleza, lakini ufunguo wa stoo ulikuwa kwenye droo yangu. Na usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ilinyesha.

Mifuko miwili ilikuwa mikavu. Wa Fundi haukuwa mmojawapo.

Mchana ukumbi huwa mtupu, kwa sababu kitanda kwetu kilikuwa cha mtu kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, baada ya hapo si chake. Tukazitandaza risiti juu ya magodoro, moja moja, Fundi akizibandua kwa kibano chake cha saa na mimi nikizipokea kwa viganja viwili. Nikiwa katika kazi hiyo ndipo nilikumbuka kitu nilichokuwa nimekisoma kwa ajili ya projekta. Shirikisho la mashirika ya Ulaya la FEANTSA lilitoa mwaka 2005 mpangilio wa aina za ukosefu wa makazi, na humo nyumba inatazamwa kwa mambo matatu: mahali palipo mikononi mwako, faragha, na haki ya kisheria ya kukaa. Katika mpangilio huo, anayelala kwenye makao ya usiku yuko kundi moja na anayelala barabarani, kundi la wasio na paa, hata kama paa liko juu yake. Nilikuwa nimeliona hilo kama jambo la takwimu. Sasa nilikuwa nimepiga magoti kati ya vitanda 40, na katika jengo zima mahali pekee ambapo mtu angeweza kufunga akaondoka, akarudi wiki ijayo akakuta alivyoacha, ni kasanduku ka chuma kasikomtosha hata kukaa.

Risiti zilitakiwa kuwa 72. Alizihesabu mara mbili. Zote 72 zilikuwepo, ila nne wino ulikuwa umetoka wote. Aliinyanyua mojawapo akaielekeza dirishani, akaigeuza, akaielekeza tena.

"Naweza kukuandikia barua," nikasema. "Nikatoe ushahidi."

"Ushahidi gani? Kwamba wewe ndiye uliyeziloanisha?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayefikiria jambo. Barua niliandika, na mwezi uliofuata bodi ilibadilisha kanuni baada ya mabishano marefu, tukanunua makabati 20 mengine. Hayo yamo kwenye kumbukumbu za vikao.

Jioni ile risiti zilikuwa zimekauka, zimejikunja pembe. Nilimletea Fundi kufuli jipya kutoka stoo, na funguo zake mbili kwenye waya.

"Wa akiba huwa unabaki ofi..." nikaanza.

Akazitenganisha funguo. Mmoja akautia mfukoni. Wa pili akaenda nao hadi langoni, ambako Babu alikuwa ameshakaa kitini kwa zamu yake, akausukumiza ndani ya mfuko wa shati la Babu. Babu akafunga kifungo cha mfuko, kisha akaupapasa kwa juu.