Kumbukumbu ya mradi wangu: matembezi ya John Adams jijini London

Huu ni mwezi wa tano tangu nianze kukusanya na kuandika kwa Kiswahili habari za maisha ya kila siku ya John Adams, mjumbe wa kwanza wa Marekani nchini Uingereza, aliyekaa London tangu Mei 1785 hadi Machi 1788. Mambo yake ya kiserikali yameandikwa na wengi, ikiwemo siku ile ya tarehe 1 Juni 1785 aliposimama mbele ya Mfalme George III, ambaye miaka michache tu nyuma walikuwa maadui. Mimi natafuta saa zake nyingine: alikula nini, alitembea wapi, na moyo wake ulifurahia nini pale kazi ilipompa nafasi.

Cheo chake kilinichelewesha kwa wiki nzima. Kwa Kiingereza cha wakati ule aliitwa waziri, daraja lililo chini ya balozi, lakini msomaji wetu akikutana na neno "waziri" atafikiria baraza la mawaziri. "Balozi" nalo lina historia yake, kwa kuwa wazee wa Unguja waliwaita hivyo makonseli wa nchi za kigeni. Nimeamua kuandika "mjumbe" kote.

Sura ya nyumba niliimaliza mwezi Machi. Familia iliishi katika uwanja wa Grosvenor, kwenye pembe ya kaskazini mashariki, pale mtaa wa Brook unapokutana na mtaa wa Duke. Nyumba ipo hadi leo na ina kibao ukutani. Nimekwenda kusimama mbele yake mara nne, kwa sababu huwezi kueleza alfajiri ya mtu bila kujua mlango wake unaelekea wapi. Lord North, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, alikuwa jirani yake katika uwanja huo huo. Mshahara wa mjumbe, dola 9,000 kwa mwaka, haukulingana na gharama za mtaa wa namna ile, na barua za mkewe Abigail zimejaa hesabu za watumishi na bei za vitu. Ndiyo maana nimeipenda sana habari ya karamu waliyowaandalia wajumbe wa nchi nyingine mwaka 1785: nahodha mmoja aliyerudi kutoka visiwa vya Karibi aliwaletea kasa wa ratili 114, yaani karibu kilo 52, na Abigail akaeleza kwamba waliona uzito kupokea zawadi kubwa kiasi hicho, lakini kuikataa kungemvunjia heshima mtoaji. Sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya kasa wa kilo 52 anapoingia jikoni.

Nilitazamia kwamba sura ya starehe ingejaa tamthilia na muziki. Ni kweli kwamba Abigail alikwenda kumtazama mwigizaji Sarah Siddons jukwaani, na kwamba Jumapili familia ilipanda gari la farasi kutoka magharibi ya mji hadi Hackney, upande wa mashariki, ili kumsikiliza mhubiri Richard Price, rafiki wa zamani wa madai ya Wamarekani. Lakini nilipomfuata Adams mwenyewe kwa karibu, kila mara nilimkuta ameinamia udongo.

Aprili 1786 alizunguka na Thomas Jefferson, mjumbe wa Marekani nchini Ufaransa, kutazama bustani za mabwana wakubwa: Stowe, Hagley, Blenheim na nyinginezo, wakipitia pia Stratford, alikozaliwa Shakespeare. Jefferson alikuwa akizichunguza kwa nia ya kuiga. Adams alivutiwa, hilo analikiri, ila aliandika kwamba deni la taifa la pauni milioni 274 lingeweza kabisa kuzaa fahari yote ile, na akatumaini kwamba itapita miaka mingi kabla mashamba ya mapambo hayajawa mtindo nchini kwao. Kwa maoni yangu, hapo anasema mkulima anayejua kwamba shamba ni la kulisha watu.

Ushahidi ulionishika zaidi unatoka Julai ya mwaka huo huo. Adams anaandika katika shajara yake kwamba, katika moja ya matembezi yake ya kawaida kwenye barabara ya Edgware, aliona malisho mazuri ya mfugaji mmoja maarufu wa ng'ombe, na kando ya njia mabiwi ya samadi, kila moja pengine lenye mizigo 100. Aliyakagua kwa makini. Akakuta majani makavu na kinyesi kutoka mabanda ya farasi na mitaa ya London, vikichanganywa na tope na mfinyanzi uliochimbwa kwenye mtaro ulio kando ya ua, pamoja na mabonge ya udongo wenye nyasi yaliyokatwa kwa sepetu. Kisha akatoa hukumu: samadi ile huenda ni nzuri, lakini haifikii yake mwenyewe, aliyoitengeneza nyumbani kwa kinyesi cha farasi kutoka Boston, tope la ufukweni na vumbi la barabarani kutoka chini ya kilima cha Penn, karibu na kwake. Alikuwa na miaka 50, mjumbe wa taifa zima, ng'ambo ya bahari, na bado aliikumbuka samadi yake kiungo kwa kiungo.

Niliifuata njia hiyo kwa miguu mwezi Mei. Kutoka mlangoni kwake hadi mwanzo wa barabara ya Edgware ni mwendo wa robo saa hivi, unapita Tyburn, mahali ambapo watu walinyongwa hadharani hadi mwaka 1783. Barabara imenyooka kama ilivyoachwa na Warumi. Malisho hayapo, kote ni maduka na migahawa ya Kiarabu.

Nikaona nilijaribu biwi lenyewe katika kitalu changu cha bustani. La kwanza liliharibika: niliweka mfinyanzi mwingi mno, mvua ikalishindilia, likapoa na kutoa harufu ya maji yaliyooza. La pili nimeweka tabaka nene za majani makavu, kinyesi cha farasi juu yake, na mfinyanzi kwa mabonge madogo tu, yaliyokaa kivulini siku kadhaa hadi yakavunjika kwa mkono. Nimelipindua mara tatu. Jana niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko nikautoa upesi kwa joto, na majani yaliyokuwa ya njano yamekuwa meusi na kulainika.

Sasa naandika sura ya 1787, mwaka ambao Adams, akiwa bado London, alinunua nyumba na shamba kule Braintree, mji wa kwao katika jimbo la Massachusetts.