Maswali ya kuuliza kabla rangi haijakauka

Nyumba tupu ikikupokea na harufu ya rangi mbichi, usifurahie haraka. Uliza kwanza: imepakwa lini, na ni kwa nini? Mimi ni fundi wa rangi. Kazi yangu nyingi ni nyumba za kupangisha katika mitaa ya Nairobi, Zimmerman, Githurai, Umoja, Donholm, na kila mwisho wa mwezi simu yangu hailali. Mpangaji anatoka asubuhi, mimi naingia na rola mchana, jioni analetwa mwingine kuangalia. Katikati ya hao wawili nabaki mimi na ukuta, na ukuta hunieleza mengi ambayo ajenti hatakwambia.

Binamu yangu amepata kazi Industrial Area, anahama kutoka Bungoma, na ameniomba nimwandikie maswali ya kuuliza akitafuta nyumba. Nimeona niyaweke hapa, kwa sababu hata nyinyi mliozaliwa Nairobi bado mnaingia nyumbani mwa watu mkiuliza "maji iko?", mnajibiwa "iko", na mnatoa dipositi.

Iko wapi sasa? Iko kwa bomba au iko kwa tangi? Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na hufika mitaani kwa mgao, kila mtaa na siku zake. Kwa hiyo "iko" inaweza kuwa kweli siku ya Alhamisi tu. Uliza hivi: mara ya mwisho bomba kukauka ilikuwa lini, na mlikaa siku ngapi? Mtu akiulizwa jambo lililokwisha kutokea hupata shida kudanganya; akiulizwa kama mambo ni mazuri, atasema ni mazuri. Kisha uliza tangi la juu ni la lita ngapi na linalisha nyumba ngapi. Tangi la lita 10,000 kwa nyumba 40 ni lita 250 kila nyumba, na hapo kuna mama anayefua nguo za watu sita. Bauza, lile lori la maji, likiitwa, nani analipa? Kuna ploti, yaani majengo ya kupangisha, ambapo landilodi mwenye nyumba hulipa, na kuna nyingine ambapo mnachangishana kwenye kikundi cha WhatsApp mkigombana hadi usiku.

Wakikwambia wana kisima chao, hiyo ni habari nzuri, lakini uliza ladha. Maji ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi. Watoto wanaokua wakinywa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia, na hata ukiyachemsha floridi haitoki. Kama una mtoto mdogo, weka kwenye hesabu yako pesa za maji ya kunywa ya kununua. Tazama pia kichwa cha shawa: kikiwa kimeganda ukoko mweupe, shawa yako ya stima, yaani ya umeme, haitamaliza mwaka.

Sasa nije kwenye ukuta, maana huko ndiko kwangu.

Mwezi wa tano nilikuwa Zimmerman, gorofa ya nne, bedsita, nyumba ya chumba kimoja. Ukuta unaopakana na bafu la jirani ulikuwa umelowa kutoka chini hadi kimo cha goti, rangi imevimba kama chapati motoni. Nikamwambia keateka, mtunza jengo, hapa lazima bomba la jirani lirekebishwe, plasta ibanduliwe, ikauke wiki mbili, ndipo nipake. Akaniangalia. "Boss, wewe piga mikono mbili tu ya rangi. Kuna mtu anakuja saa kumi." Nikakwangua, nikapitisha msasa, nikaweka filla, nikapaka.

Saa kumi kweli akaja msichana na begi la ofisini, ajenti mbele akifungua madirisha kama ya kwake. Maji iko? Iko. Stima? Ya tokeni, unalipia kwanza. Usalama? Kuna soja. Akageuka akanikuta nikiosha rola kwenye sinki.

"Fundi, sasa. Hii nyumba iko sawa?"

Keateka alikuwa mlangoni, macho kwangu. Nikamwambia, "Dada, rangi ni mbichi, usiegemee ukuta. Ule wa bafu ndiyo usiegemee kabisa." Akanitazama kidogo. Hakuuliza zaidi. Alitoka, akabisha mlango wa jirani, na kutoka pale ndani nikasikia wakizungumza kwa muda, halafu viatu vyake vikishuka ngazi. Ajenti alishuka nyuma yake akimwita "madam, madam."

Yule ni mtu anayejua kutafuta nyumba. Keateka ana kazi ya kulinda, ajenti ana kamisheni, mimi nina siku yangu ya kulipwa. Jirani wa mlango wa pili hana chochote cha kupata kwa wewe kuhamia hapo, tena pengine amechoka na hilo bomba. Mwingine ni mama mboga wa getini. Huyo anajua nani amehama usiku na kwa nini, maji yalipotea lini, na nani huibiwa nguo kwenye kamba. Nunua sukuma ya ishirini, uliza pole pole. Kama unaweza kumkuta mpangaji anayetoka, huyo ni dhahabu. Swali ni moja: "Unahamia wapi, na mbona?" Akisema amepata kazi mbali, sawa. Akisema anahamia ploti ya tatu kutoka hapo, mtaa uleule na kodi ileile, kaa chini akueleze.

Ukiwa ndani, fungua kabati la nguo. Sisi mafundi hatupaki ndani ya kabati, hatulipwi. Ingiza kichwa unuse. Koga haifichiki mle. Tazama chini ya sinki na nyuma ya mlango wa bafu. Gonga ukuta kwa vifundo vya vidole: plasta iliyoachana na tofali hulia mvungu. Ukiona unga mweupe karibu na sakafu, hiyo ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu, na itarudi hata nipake mara kumi. Nyufa nyembamba za plasta, zilizotapakaa kama nywele, zisikutishe. Ufa ulioanzia kona ya dirisha ukapanda mshazari hadi kwenye boriti, na juu yake kuna filla mpya, huo uulizie. Ulizibwa lini, na kabla ya hapo ulizibwa lini? Na kama nje ya jengo kuna alama ya X nyekundu ya wakaguzi wa majengo, hata kama imekwanguliwa nusu, usipoteze muda wako kuuliza kodi. Jengo lililoanguka mtaa wa Huruma usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 likaua watu karibu 50 lilikuwa kando ya mto, limeshatajwa kuwa si salama, na bado watu walikuwa wanalipa kodi ndani yake.

Ndiyo maana swali la mvua nalipenda. Nyumba nyingi huonekana safi Januari na Agosti. Uliza: Aprili ya 2024, Mto Nairobi na Mto Mathare ilipofurika, maji yalifika wapi hapa? Ghorofa ya chini mtu akikuonyesha kwa mkono, "yaliishia hapa," umeshapata jibu.

Stima ina mambo mawili. Kwanza, mita ni yako peke yako au ni mita ndogo ya landilodi? Kampuni ya umeme, Kenya Power, huuza stima ya nyumbani kwa madaraja, na anayetumia yuniti chini ya 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini. Nyumba 20 zikining'inia kwenye mita moja ya ploti, hilo daraja la chini hamtaliona, na landilodi ndiye anapanga bei ya yuniti. Muulize kabisa: yuniti moja ni ngapi hapa? Pili, hata kama mita ni yako, omba nambari yake na ununue tokeni ndogo, ya shilingi 100, kabla ya kulipa kitu kingine. Mita ikiwa na deni la zamani, sehemu ya pesa hukatwa kulipa deni hilo kabla hujapewa yuniti. Ni afadhali kulijua hilo mapema kwa mia moja.

Intaneti: uliza ni kampuni ngapi zimeingiza waya. Kuna majengo landilodi ameruhusu moja tu, ukiichukia ni hiyohiyo. Lifti: stima ikipotea kuna jenereta? Mtungi wa gesi mtu anaupandishaje hadi gorofa ya saba? Kelele: rudi Ijumaa usiku, kisha Jumapili asubuhi, baa na kesha huwezi kuzisikia saa nane mchana ya Jumanne. Na ukiona kiwanja kitupu jirani, kimemwagwa kokoto na mchanga, uliza ni cha nani na anajenga gorofa ngapi. Pale mtaa wa Pipeline nimepaka vyumba ambavyo dirisha linafunguka, mkono unagusa ukuta wa jirani, na taa inawashwa saa sita mchana. Wapangaji wa kwanza wa nyumba hizo walikuwa na jua.

Tuje kwenye dipositi, na hapa nisikilizeni, kwa sababu pesa zenu ndizo zinanilipa mimi. Ukihama, karibu kila landilodi hukata pesa ya rangi kutoka kwenye dipositi yako. Hukata hata kama uliingia kukiwa na rangi iliyochoka. Hukata hata kama umekaa miaka minne, na hakuna rangi ya maji ya bei rahisi inayokaa miaka minne ikiwa safi. Mimi kupaka bedsita nalipwa 3,000, rangi yenyewe hununuliwa ndoo moja kubwa ikapaka vyumba vitatu au vinne. Halafu namsikia mpangaji akilia kwenye ngazi kuwa amekatwa 9,000 "ya fundi". Fundi ni mimi. Nilikuwa pale na brashi mkononi.

Basi uliza kabla hujaingia: nikitoka, rangi nitakatwa ngapi? Au naweza kuleta fundi wangu? Rangi gani, ya maji au ya silki, na nyeupe au ile ya krimu? Jibu liandikwe kwenye mkataba. Uliza pia dipositi ya maji na ya stima kama zinarudishwa na baada ya siku ngapi, na kama ada za taka na soja ziko ndani ya kodi au zinaongezwa juu. Notisi ni mwezi mmoja? Ikihesabiwa kutoka tarehe ngapi? Nikichelewa kodi hadi tarehe kumi, kunatokea nini: faini, au nitakuta kufuli?

Msidhani sheria itawakimbilia. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, hulinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni bedsita ya 2,500 Roysambu, nihamie leo. Kwa sisi wengine kinachohesabiwa zaidi ni ile karatasi tuliyotia sahihi, na wengi hawaisomi kwa sababu keateka amesimama na funguo mkononi na kuna mwingine "anakuja saa hii hii". Huyo mwingine huwa hafiki. Nimemngoja kwenye nyumba nyingi.

Pesa ya kuangalia nyumba usitume kwa mtu hujamwona uso. Dipositi usitume kabla hujakanyaga ndani, hata picha ziwe nzuri namna gani. Baadhi ya picha hizo ni za nyumba nilizopaka mwenyewe, na ajenti anayezisambaza hajawahi kufika. Kodi ilipwe kwenye Paybill, ile nambari ya malipo ya biashara ya M-Pesa, au akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba, si nambari ya keateka. Kabla ya kubonyeza kutuma, M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea. Lisome.

Siku ya kupokea funguo, kabla hujaingiza hata kiti, pita na simu upige picha: kila ukuta, soketi, kioo cha dirisha, sinki, dari ya bafu, ndani ya kabati. Andika orodha ya vilivyovunjika, keateka atie sahihi. Akikataa, mtumie picha zote kwa WhatsApp siku hiyohiyo, umwandikie "hivi ndivyo nimekuta nyumba". Zikishapata tiki mbili, zihifadhi pia kwenye barua pepe, kwa sababu simu Nairobi huibiwa.