Posho ya watoto imerudi, pamoja na malimbikizo

Ndugu zangu wenye watoto huku Uingereza, hili msilipite. Mume wangu alipunguziwa saa kazini, kipato chake cha mwaka kikashuka chini ya pauni 60,000. Child Benefit, yaani hiyo posho ya watoto, tulikuwa tumesimamisha malipo tu, ili tusitozwe ile kodi ya wenye kipato kikubwa, inayorudisha posho serikalini mmoja wenu akivuka 60,000; dai lenyewe tuliliacha hai kwa sababu linanihesabia miaka ya pensheni ya serikali mpaka mtoto afikishe miaka 12. Akina mama wa nyumbani, msiliache hilo kamwe!

Nikaomba HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, waanze kulipa tena. Wengi hawajui kwamba kama mwaka wa kodi uliopita hakuna kati yenu aliyevuka 60,000, mnaweza kudai na ya nyuma, mradi haijapita miaka 2 tangu mwaka huo uishe. Anayedai mara ya kwanza kabisa hupewa ya nyuma ya miezi 3 tu, basi.

Tena hawajumlishi vipato vyenu, wanaangalia cha mwenye kikubwa. Hata kikiwa kati ya 60,000 na 80,000, kuna sehemu ya posho inayobaki mkononi baada ya kodi hiyo.

Leo hela zimeingia benki. Nimeanza na sare za shule.