Jinsi mfupa wa muundi uliokataa kuunga ulivyounga

Gogo la mpaini lilipoteleza kutoka kwenye lori huko Mafinga na kuvunja muundi wangu wa kulia, nilifungwa hogo nikaamini kwamba miezi 4 ingetosha. Mwezi wa 9 tangu nivunjike ulifika nikiwa bado natembea kwa magongo, na picha ya eksirei ilionyesha ufa uleule.

Daktari wa mifupa niliyemfuata Mbeya alinieleza kwamba sehemu ya chini ya muundi imezungukwa na nyama chache, hivyo hupata damu kidogo, na kipande cha mfupa kilichokosa damu hufa. Kisha akaniuliza kuhusu sigara. Nilikuwa navuta pakiti nzima kwa siku, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nikotini hubana mishipa midogo inayolisha mfupa unaojiunga. Jambo hilo lilipaswa kusemwa siku ile ile ya hogo. Niliacha wiki 6 kabla ya upasuaji.

Katika upasuaji alikwangua mfupa uliokufa hadi damu ikaanza kuchomoza, akajaza pengo kwa chembe za mfupa laini alizochota kwenye nyonga yangu, kisha akaukaza kwa bamba la chuma na skrubu. Kidonda cha nyonga kiliniuma kuliko cha mguu. Majirani walioleta mafuta ya kuchua niliwakatalia kwa heshima, kwa sababu kuchua hutikisa mfupa mchanga. Mwezi wa 5 baada ya upasuaji, picha ilionyesha mfupa mpya umevuka pengo, nami nikaliweka chini gongo la mwisho.