Nilivyoimudu Nafasi ya Katikati Katika Mstari wa Ulinzi

Nilipojiunga na timu ya futiboli ya Kimarekani katika shule ya sekondari hapa Houston, Texas, familia yetu ilikuwa imetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, ambako mpira tulioujua ni wa miguu tu, na kocha alinipanga katikati ya mstari wa ulinzi kwa sababu ya uzito wangu. Urefu sikuwa nao. Vijana niliokabiliana nao walinizidi kichwa kizima, na mwanzoni walinirudisha nyuma kila walipotaka.

Kilichonikomboa ni kuinama. Katika nafasi ile, anayewahi kuingia chini ya mabega ya mwenzake ndiye anayemwinua na kumwondoa njiani, kwa hiyo ufupi wenye mapaja imara ni mali. Kocha wa mstari wetu alinionyesha mikanda ya Aaron Donald wa shule ya Penn Hills, karibu na Pittsburgh, ambaye wengi walimwona mfupi mno kwa kazi hiyo, lakini akatunukiwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, mwaka 2017, 2018 na 2020. Kwake nilijifunza mikono: kuipiga ya mpinzani pembeni kabla haijakishika kifua changu, kisha kupita ubavuni mwake angali anatafuta pa kushika.

Macho nayo yalihitaji mafunzo. Kotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi ya wapinzani, hupaza sauti na kubadilisha mwito ili akushawishi uvuke mstari kabla mpira haujaanza kuchezwa, na ukivuka timu yako huadhibiwa yadi 5, yaani nusu ya zile 10 ambazo wapinzani hupewa nafasi 4 za kuzipata. Nikajizoeza kuutazama mpira wenyewe na kuondoka pale tu unapotikisika, hata katika joto la Agosti ambalo humtoa mtu jasho kabla mazoezi hayajaanza.

Katika msimu wangu wa mwisho wapinzani walianza kunikaba wawili wawili. Hapo nilishusha goti na nyonga katikati yao, nikakataa kusogea, na kwa kuwa wawili walishughulika nami, mwenzetu aliyesimama nyuma yangu alibaki huru kumwangusha mkimbiaji mwenye mpira. Kazi hiyo haionekani katika takwimu, na ninaamini kwa dhati kwamba anayempima mchezaji wa katikati kwa idadi ya makotabeki aliowaangusha hajauelewa mchezo. Mama yangu, aliyekuwa jukwaani kila Ijumaa usiku, aliniuliza, "Mwanangu, mbona kipaza sauti hakikutaji?" Nikamjibu, "Mama, hesabu wanaonikaba." Tangu hapo alihesabu kila mchezo, na tukifika nyumbani alinisomea hesabu yake kwa fahari.

Msimu ulipomalizika, makocha wa wilaya yetu walipiga kura za kikosi bora, na wale waliokuwa wakinipangia watu wawili wakaniweka katika kikosi cha kwanza.