Siku moja maishani mwangu: ua la boga halina kesho

Saa 10:30 alfajiri. Simu inaita na mimi nimeshaamka, maana siku za kuhesabu huwa silali vizuri. Ua la boga hufunguka mara moja tu: hukunjuka alfajiri, na kabla ya adhuhuri limeshafumba na kulegea. Ukichelewa umelikosa. Kazi yangu ni kukaa mbele yake na kuandika ni mdudu gani kaingia.

Saa 11:15. Tuko shambani na tochi za kichwani, mimi na kijana wa mafunzo kazini. Tunatafuta matumba yaliyoanza kuwa manjano nchani, ndiyo yatakayofunguka leo. La kike hulikosi: limekalia kiboga kidogo, kama kidole gumba. Uzi mwekundu kwa la kike, mweupe kwa la kiume. Leo ya kike ni 14. Saa hizi hatusemeshani, na hilo limetusaidia kuelewana.

Saa 12:10. Yamefunguka. Wa kwanza kufika si nyuki wa mzinga, ni nyuki bambi, yule mnene mwenye manyoya na sauti nzito. Misuli ya kifua chake lazima ipate joto la karibu nyuzi 30 ndipo aweze kuruka, kwa hiyo kukiwa na baridi huitetemesha kwanza huku mabawa yametulia. Koti lake la manyoya ni neema alfajiri. Jua likipanda linageuka mzigo.

Huyu anatoka kwenye ua la kiume kama mtu aliyetoka kusaga unga. Chavua ya boga ni kubwa, ina miiba midogo na inanata, hata bila kioo cha kukuzia unaziona punje za rangi ya chungwa mgongoni. Anatumbukia kwenye ua la kike, anazunguka akifuata nekta chini kabisa, mgongo unasugua stigma, ile sehemu inayopokea chavua ili kiboga kikue. Sekunde nane hivi. Naweka alama moja kwenye daftari.

Saa 1 hadi saa 3. Dakika kumi kwa kila ua, kisha nahamia jingine. Kijana ananiandikia nyuki ambaye ni nzi. Simlaumu, maana wapo nzi wa maua waliovaa michirizi ya nyuki kabisa. Namwonyesha: nzi ana jozi moja tu ya mabawa, na vipapasio vifupi mno. Tunafuta, tunaandika upya.

Saa 3:20 asubuhi. Kipimajoto kivulini kinasoma nyuzi 33. Nyuki bambi wametoweka. Nyuki wa mzinga wapo, ila wamejazana kwenye beseni letu la maji. Ndani ya mzinga watoto wanahitaji karibu nyuzi 34 hadi 35, wala si zaidi sana. Nje kukichemka, baadhi ya nyuki watafutaji chakula huacha maua wakachote maji, ambayo hutandazwa ndani na kupepewa kwa mabawa. Na nyuki aliyebeba maji hajabeba chavua.

"Dada, sifuri tena. Niandike?"

"Andika."

Saa 4:05. Ua la kwanza linajikunja midomo. Asubuhi zenye ubaridi nimeyaona yakiwa wazi muda mrefu zaidi ya hapa. Sitasema leo ndiyo mabadiliko ya tabianchi, siku moja ya joto ni siku moja ya joto tu. Ndiyo maana daftari hizi zinajazwa msimu baada ya msimu, na ndiyo maana sifuri za yule kijana zina thamani.

Saa 7 mchana. Vipimajoto vya udongoni. Spishi nyingi za nyuki hazijui mzinga. Kila jike huchimba tundu lake ardhini, na kizazi kipya hungoja humo hadi msimu ufike. Hiki ndicho kinachonikosesha raha hasa. Mmea unasoma joto la hewa, mvua, urefu wa mchana. Nyuki aliye chini anasoma joto la udongo. Zamani saa zao zilikubaliana. Hali ya hewa ikibadilika, si lazima zisogee kwa kasi moja, na nyuki wa aina hii huruka wiki chache tu maishani. Anayekula maua ya aina moja ndiye mwenye shida kubwa. Asiyechagua atapata pa kujishikiza. Tena si kila mahali wameachana: kaskazini mashariki mwa Marekani, kumbukumbu za miaka 130 zilionyesha nyuki wametangulia kwa takriban siku 10, na maua wanayoyatembelea yakatangulia vilevile.

Saa 9 alasiri. Hadubini, na kiyoyozi. Chavua ya leo natia tone la rangi: punje iliyojaa inashika wekundu, iliyo tupu inabaki imefifia. Joto kali wakati tumba linajijenga huongeza tupu, kwa hiyo nyuki anaweza kufanya kazi yote sawasawa na bado akawa amebeba maganda. Halafu kuna ubora wake kama chakula. Watafiti walipima vielelezo vya makumbusho vya Solidago canadensis, ua la porini la Amerika Kaskazini, kuanzia 1842 hadi 2014: protini ndani ya chavua ilikuwa imepungua kwa takriban theluthi moja, huku kabonidioksidi hewani ikipanda.

Saa 11 jioni. Kuingiza data. Hakuna la kusimulia.

Saa 11:40. Narudi shambani peke yangu kukagua nyuzi nyekundu za siku nne zilizopita, zile za asubuhi iliyochemka mapema kuliko hata leo. Viboga vingi vimenenepa, kijani kibichi, vigumu. Vitatu vimegeuka manjano na kulainika nchani. Daftari linasema maua yake yalipata wageni wangapi, nalijua jibu kabla sijafungua. Kimoja kinadondoka nikigusa uzi tu. Naufungua, natia mfukoni. Kesho alfajiri utafungwa kwenye tumba jingine.